Picha Hamsini, Wimbo Mmoja, na Sita za Shangazi

Anayetafuta programu ya kutengenezea video ya picha huanza kwa kuuliza ipi ina madoido mengi. Niliacha kuuliza hivyo zamani. Siku hizi kila programu naipitisha kwenye jaribio moja tu: kazi imeisha, picha hamsini zimekaa sawasawa na wimbo, sherehe ni kesho. Saa tatu usiku simu inalia. Ni shangazi. "Mwanangu, nimekutumia sita nyingine. Hizo usiziache, hasa ile ya babu yako kasimama mlangoni." Na kwa kuwa video inafuata miaka, picha hizo haziwezi kubandikwa mwishoni. Zinatakiwa ziingie kati ya picha ya kumi na mbili na ya kumi na tatu.

Programu itakayokuacha ulale usiku huo ndiyo nzuri.

Mara ya kwanza yaliponikuta, programu niliyokuwa nayo ilinitaka nisogeze kila picha kwa mkono. Picha thelathini na nane zilizofuata nilizivuta moja moja kwenda kulia, na kila nilipovuta moja niliacha nafasi nyeusi nyuma yake bila kuiona. Adhana ya alfajiri ilinikuta bado naziba mashimo.

Hesabu kwanza

Picha 50, kila moja ikikaa sekunde 5, ni sekunde 250. Lakini ukiweka mpito wa sekunde 1 kati ya picha na picha, yaani hii inafifia huku ile ikijitokeza, katika programu nyingi sekunde hiyo huliwa na picha zote mbili kwa pamoja. Mipito iko 49, kwa hiyo video inashuka hadi sekunde 201. Wimbo wa dakika tatu na nusu ni sekunde 210. Zinabaki tisa za kuandika "Asanteni" mwishoni. Safi.

Ziingie sita za shangazi sasa. Picha 56 mara 5 ni 280, toa mipito 55, zinabaki 225. Wimbo umekwisha na picha bado zinapita kimyakimya kwa sekunde 15, na "Asanteni" haijafika. Dawa yake ni ndogo mno: kila picha ikae sekunde 4.6 badala ya 5. Jumla inarudi sekunde 202 na ushei, na hakuna mtu ukumbini atakayetambua kwamba picha zimekatwa sehemu nne za kumi za sekunde.

Kwa hiyo ninapolinganisha, naangalia mambo matatu kabla ya mengine yote. Je, naweza kubadili muda wa picha zote kwa mkupuo? Nikichomeka picha katikati, zilizobaki zinajisogeza zenyewe? Na zikisogea, wimbo unabaki pale nilipouacha au unaburutwa nazo?

PowerPoint na iMovie

Watu hucheka nikiitaja PowerPoint katika mazungumzo ya video. Wacha wacheke. Tangu toleo la 2010 inaweza kuhifadhi wasilisho kama faili la video, na kwenye Windows ina albamu ya picha inayomeza folda nzima na kuweka kila picha kwenye slaidi yake. Ukitaka kubadili muda unachagua slaidi zote, unaandika sekunde, basi. Picha sita unazidondosha pale panapoonyesha slaidi zote kwa udogo, kama mtu anayepanga karata mezani. Wimbo unauweka slaidi ya kwanza na kuuamuru uendelee hadi mwisho. Jaribio la shangazi inalipita kabla chai haijapoa.

Inapochechemea ni kwenye sauti. Haina mstari wa muda unaokuonyesha wimbo umelala wapi chini ya picha. Ukitaka kiitikio kianze wakati ule ule picha ya bibi harusi inapotokea, utabahatisha, utoe video, uitazame, urudi, ubahatishe tena. Na kuipa kila picha mwendo wake wa taratibu, iwe kusogelea au kupita upande, ni kazi ya animesheni moja baada ya nyingine. Kwa video ya picha zilizotulia zenye wimbo laini nyuma yake, inatosha na inabaki. Kwa zaidi ya hapo, hapana.

iMovie ndiyo ninayompa mtu yeyote mwenye Mac bila kumuuliza swali la pili. Ni bure, na picha ndani yake hushikana kama shanga kwenye uzi: ukichomeka moja, zinazofuata zinasogea, ukitoa moja, pengo linajifunga. Unachagua picha zote, unafungua taarifa zake, unaandika 4.6, zote zinatii. Wimbo una sehemu mbili za kukaa, na hapa wengi hukosea. Ukiudondosha chini kabisa, kwenye eneo la muziki wa nyuma, unakaa peke yake na hauyumbishwi na picha. Ukiudondosha chini ya picha fulani, unajifunga kwenye picha hiyo, na picha ikihama nao unahama. Muziki wa video nzima uweke kwenye eneo la nyuma. Sauti fupi, kama mlio wa vigelegele, ifunge kwenye picha yake.

Mipaka yake ni miwili. Safu za picha ni mbili tu, ile kuu na moja juu yake. Na umbo la video kwenye Mac ni la upana, 16 kwa 9. Mwenye kutaka video ya kusimama ya kutazamwa kwenye simu atafute kwingine.

Picha zinazotembea

Kuna mtengeneza filamu za kumbukumbu wa Marekani, Ken Burns, aliyezoea kuzipa uhai picha za kale kwa kamera inayozisogelea polepole au kuzipitia kutoka uso hadi uso. Mwaka 2003 Apple waliuweka mwendo huo ndani ya iMovie kwa jina lake, na tangu hapo watu wanauita hivyo hata kwenye programu nyingine. iMovie huupa kila picha yenyewe, pasipo kuombwa. Ni zawadi yenye mtego: kompyuta ndiyo inayochagua pa kuanzia na pa kuishia, na picha iliyopigwa kwa kusimama inaweza kuishia kwenye vifungo vya shati huku kichwa kikiwa kimebaki nje. Kila picha ina fremu mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na zote unaweza kuzivuta kwa mkono. Pitia picha zote hamsini. Hili halina njia ya mkato.

Sasa swali ambalo watu hawaliulizi: unaweza kusogelea kiasi gani kabla picha haijaanza kuvurugika? Picha ya kawaida ya simu yenye megapiseli 12 ina upana wa piseli 4032, yaani vinukta vidogo vinavyoiunda picha. Video ya HD kamili ina upana wa 1920. Gawanya, unapata 2.1. Maana yake unaweza kuisogelea picha hiyo hadi mara mbili na bado kila piseli ya skrini inapata piseli halisi ya picha. Ukiamua kutoa video ya 4K, upana ni 3840, na akiba yote imekwisha: sogelea kidogo tu, tayari programu inabuni piseli ambazo hazikuwepo. Ndiyo maana kwa video za picha zenye mwendo mimi hutoa HD kamili na naacha 4K kwa wenye kamera kubwa.

Picha za karatasi zina hali mbaya zaidi. Picha ya inchi 6 kwa 4 ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi inakupa piseli 1800 kwa 1200, ambazo hazifiki hata upana wa HD, sembuse kusogelea. Skani kwa nukta 600, upate 3600 kwa 2400. Na kama picha ya babu mlangoni imekujia kwenye simu kupitia huduma ya ujumbe, yawezekana imebanwa njiani. Mwombe shangazi akutumie tena kama faili. Kuomba hivyo kunasaidia kuliko programu yoyote.

Kasi nayo ina adabu yake. Kusogea kidogo sana kwa muda mrefu kunaifanya picha itetemeke, kwa kuwa kila fremu ya video, yaani kila picha moja kati ya zile nyingi zinazopita kwa sekunde, inahama chini ya piseli moja na programu dhaifu hukadiria hesabu hadi piseli kamili. Kusogea sana kwa sekunde nne kunatia kizunguzungu. Mimi hukaa kati ya asilimia 8 na 15 ya ukubwa wa picha, na picha ya kundi kubwa siisogezi kabisa, kwa sababu kila mtazamaji anatafuta uso wake.

Clipchamp

Mwenye Windows 11 kwa kawaida anaikuta Clipchamp tayari ndani ya kompyuta. Microsoft waliinunua mwaka 2021, na toleo la bure linatoa HD kamili bila kubandika nembo yake juu ya video yako. Inafanya kazi pia ndani ya kivinjari. Mapengo inayaonyesha waziwazi na kukupa namna ya kuyafuta, kwa hiyo yale yaliyonikuta alfajiri ile hayana nafasi hapa. Maumbo ya video ni mengi, ya upana, ya mraba na ya kusimama, na kwa picha zilizopigwa kwa kusimama ina njia ya kujaza pembeni kwa nakala iliyotiwa ukungu ya picha ile ile.

Udhaifu wake ni kwamba mwendo wa picha ni wa kuchagua kwenye orodha, kama kusogelea polepole. Huna fremu ya mwanzo na ya mwisho za kuvuta mwenyewe hadi kwenye uso unaoutaka. Na kabla ya kuchagua kibandiko au wimbo kutoka maktaba yake, angalia kama una alama ya kulipiwa. Zipo zilizochanganywa na za bure. Kwa mtu anayetengeneza video moja kwa mwaka, ningemwambia aanze hapa na asijisumbue zaidi.

DaVinci Resolve: bure, ila si ya kila kompyuta

Hii ni programu ya watengeneza filamu hasa, na toleo lake la bure linatoa hadi 3840 kwa 2160. Ukiiangalia kwa jaribio la shangazi pekee, hakuna inayoishinda. Unachagua picha zote, unabadili muda, unaweka tiki ya kuzifanya zinazofuata zijisogeze, na mstari mzima unajikunja au kujinyoosha wenyewe. Kuchomeka katikati ni amri moja. Mwendo wa picha una miraba miwili, ya kuanzia na ya kuishia, na unaivuta utakavyo. Wimbo unauona umelala chini na mawimbi yake, kwa hiyo unajua kabisa kiitikio kinaanza wapi.

Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, inataka kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro na memori ya kutosha. Kompyuta mpakato ya ofisi itahema, feni zitalia, na kila ukibofya utasubiri. La pili ni kituko ambacho kimewakatisha tamaa wengi siku ya kwanza. Mtu kazipa picha zake majina ya namba mfululizo, 001, 002, 003. Anazivuta ndani na anapata faili moja. Video ya sekunde mbili. Picha hamsini zimepita kama umeme, kwa kuwa programu imezidhania ni fremu za filamu, na fremu 24 hujaza sekunde moja. Hakuna kilichoharibika. Kwenye dirisha la kuchagulia faili kuna menyu ya kuamuru kila fremu ionekane peke yake. Ibadilishe kabla ya kuingiza picha.

Je, inafaa kujifunza Resolve kwa ajili ya sherehe moja? Hapana. Inafaa kama unajua utaombwa tena, na ukishatengeneza moja nzuri, ukoo mzima utajua nani wa kumwomba.

Za bure zenye msimbo huria

Shotcut, OpenShot na Kdenlive zote hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, hazibandiki nembo, hazina sehemu zilizofungwa kwa malipo. Kwa picha, Shotcut ina kifaa nisichokuwa nakitarajia: unachagua picha kwenye orodha, unaiambia itengeneze onyesho, nayo inakuuliza kila picha ikae sekunde ngapi, picha isiyolingana na fremu ijazwe vipi, isogee kwa kiasi gani, mpito uwe wa muda gani. Unajibu maswali hayo na kazi imekwisha. Shangazi akipiga simu, usijaribu kurekebisha picha moja moja. Ongeza sita kwenye orodha, zisogeze mahali pake, tengeneza onyesho upya kwa namba mpya.

OpenShot inakuuliza maswali yanayofanana na hayo unapozipeleka picha kwenye mstari wa muda, na ndiyo rahisi kuizoea kuliko zote tatu. Tahadhari ni pale kwenye mipito ya kubahatisha. Ukiiruhusu ichague yenyewe, picha ya marehemu inaweza kuondoka kwa mzunguko wa nyota. Baada ya hapo kila picha inakuwa kigae huru, na kuchomeka katikati ni kazi ya subira. Kdenlive ina uwezo kuwazidi wenzake hao wawili, ila ni ya mtu aliyekwisha kuhariri video zamani.

Kwenye simu

CapCut, ya kampuni ya ByteDance, inatosha kwa video ya dakika moja ya picha kumi na tano. Templeti zake zinapendeza ila zina tatizo moja: zimepangiwa idadi ya picha. Templeti ya picha kumi na mbili haina mahali pa kuweka ya kumi na tatu, achilia mbali sita. Anza mradi mtupu badala yake, na kabla ya kutoa video futa kile kipande chenye nembo kinachojibandika mwishoni. Tofauti kubwa nyingine ni kidole: kupanga picha hamsini kwenye kioo cha simu ni kama kuchambua mchele gizani.

Picha za kusimama

Nusu ya picha utakazopewa zimepigwa kwa kusimama, na skrini ya ukumbini imelala. Njia ni tatu. Kuacha nyeusi pembeni ni salama na inachosha macho zikifuatana nyingi. Kujaza kwa ukungu kunapendeza mara chache. Zikiwa ishirini, video nzima inageuka kama imetazamwa kupitia kioo cha bafuni. Ninayoipenda ni kuweka mbili bega kwa bega, mama akiwa msichana upande mmoja na mama leo upande wa pili. iMovie inaweza, kwa ile safu ya pili, na Resolve vilevile. PowerPoint ndiyo nyepesi kuliko zote kwa hili, maana slaidi ni ukurasa tu na picha unaiweka popote. Picha mbili zikikaa pamoja, zipe sekunde saba. Jicho lina kazi mara mbili.

Kabla ya kuanza, na siku ya siku

Nakili picha zote kwenye folda moja, zipe namba kwa mpangilio unaoutaka, acha nafasi katikati: 010, 020, 030. Picha ya babu itaingia kama 125 bila kugusa nyingine. Na kwa kuwa namba zinaruka, hata kile kituko cha Resolve hakitokei. Folda ikishapangwa, usiihamishe. Programu nyingi hazibebi picha ndani ya mradi, zinakumbuka tu zilipo. Ukiihamisha folda, utafungua mradi na kukuta miraba mitupu. iMovie ni tofauti, huzinakili kwenye maktaba yake, na ndiyo maana diski hujaa. Picha za iPhone zilizo katika muundo wa HEIC zigeuze ziwe JPEG kwanza, kwani si kila programu inazisoma.

Faili la mradi pia lina umri. Windows Movie Maker, iliyofundisha wengi wetu, iliachwa na Microsoft Januari 2017. Tovuti zinazokupa kuipakua leo chini ya jina hilo ziogope. ProShow, iliyopendwa sana na wapiga picha wa harusi, ilikwisha pale kampuni yake, Photodex, ilipofunga milango Januari 2020. Hifadhi video iliyokamilika kama MP4 ya H.264, na hifadhi ile folda ya picha. Hivyo viwili vitafunguka popote.

Na picha ya mwisho kabisa iache ikae sekunde nane au kumi. Watu wanakuwa ndiyo kwanza wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi, na skrini nyeusi ya ghafla inawakatiza. Ibadili baada ya kupanga muda wa zote kwa mkupuo. Ukitangulia kuibadili, hiyo 4.6 itaimeza nayo.